Hamu haina amri

Leo naomba uniwie radhi kidogo, maana nataka kukupeleka darasani. Tena si darasa la mapishi wala la kukata viuno, ni darasa la Kilatini! Usifunue ukurasa mwingine, tafadhali. Vumilia hadi mwisho, halafu kama hutaona faida ndani ya nyumba yako, nilaumu.

Yote yalianza na simu. Saa nne na nusu usiku, niko kitandani, namba ya mume wa rafiki yangu kipenzi inaita. Huyu dada nilisoma naye chuo, na siku ya harusi yake mimi ndiye niliyekuwa matroni. Kwa hiyo mumewe ananiita shemeji, nami namwita shemeji. Si mtu wa kupiga simu usiku, nikajua kuna jambo.

"Shemeji, samahani kwa kukuamsha. Eti, libido ni ugonjwa gani?"

Nikakaa kitako. Kumbe alikuwa anatafuta risiti ya umeme kwenye mkoba wa mkewe, akakuta kadi ya kliniki. Katikati ya mwandiko wa daktari, ule ambao hata mfamasia anausoma kwa kubahatisha, likawepo neno moja linalosomeka vizuri: libido. Pembeni yake kuna mshale umeelekea chini. Basi.

"Mimi nimeshaelewa," akaendelea kabla sijajibu. "Amekwenda kutafuta cheti cha kuninyima. Shemeji, mimi nimefanya kosa gani? Posa nilipeleka, mahari nililipa, kanisani tulikwenda mbele za watu. Miezi mitano sasa nalala sebuleni kama mgeni aliyekosa basi!"

Nikamtuliza, nikamwahidi tutaongea. Kesho yake mchana nikakutana na mkewe karibu na benki anakofanya kazi. Hata chakula hakugusa. Akasema naye ameona kitu. Siku mbili kabla ya hapo simu ya mumewe ilikuwa mezani, yeye akaisogeza ili amlishe mtoto, na macho yakaangukia meseji ambayo mumewe alikuwa amemwandikia kaka yake. Maneno matano tu: "Nimekosa hamu ya mke wangu."

"Umeona?" akaniambia huku machozi yanamlengalenga. "Ameshanichoka. Mtoto ana miezi minane tu na ameshanichoka. Halafu anazunguka huko kusema mimi ndiye ninayemnyima. Nguo zangu nimeanza kupanga. Nakwenda kwetu Morogoro, akatafute hiyo hamu yake anakojua."

Mpenzi msomaji, unaiona hali? Mume ana neno moja linalomtesa, mke ana meseji inayomtesa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nami siyo daktari. Nilichoweza kufanya ni kutafuta mtu wa kunieleza hilo neno vizuri, maana lilikuwa limeshakuwa mchawi ndani ya nyumba ya watu. Nikamkumbuka babu.

NIKAENDA KWA BABU

Babu yangu alisoma seminari miaka ya 1960. Alibakiza kidogo tu awe padri, lakini akamwona bibi kwenye mavuno ya kahawa, na safari ya upadri ikaishia hapo. Kilatini hakikumtoka. Na kwa kuwa yeye ni babu na mimi mjukuu, kuna mambo ninayoweza kumuuliza ambayo kwa baba au mjomba nisingethubutu kuyataja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo umemkumbuka mumeo mzee?"

Nikamwambia nimekuja na neno. Nilipolitaja akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe siku hizi wanaliandika kwenye kadi za kliniki! Hilo neno lina zaidi ya miaka elfu mbili, na halijawahi kuwa jina la ugonjwa. Lete kalamu."

Kwanza akanifundisha kulitamka. Li-bi-do, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama vile tunavyotamka Kiswahili. Ni nomino, na kwa sarufi ya Kilatini ni ya jinsia ya kike. Wafaransa, Waitalia, Wahispania na Wajerumani walioliazima nao wameliacha kwenye jinsia hiyo hiyo. Usije ukasema ndiyo maana wanawake ndio wenye tamaa! Jinsia ya neno haina uhusiano na mwili wa mtu, kama ambavyo sisi kumweka mtoto mchanga kwenye "kichanga" na "kitoto" hakumfanyi kuwa kiti. Lakini wale kaka zangu wanaoamini hamu ni mali ya mwanamume, na mwanamke ni mpokeaji tu, wajue hata Warumi hawakuwapa neno.

Maana yake ni hamu, tamaa, matamanio. Na si ya kitandani peke yake. Mwandishi wa historia Sallust, aliyeishi karne ya 1 kabla ya Kristo, alilitumia kwa tamaa ya kutawala. Mtu angeweza kuwa na libido ya fedha, ya kulipiza kisasi, ya sifa. Kiswahili nacho kiko hivyo: tuna tamaa ya mali, tamaa ya madaraka na tamaa ya mwili, neno ni moja.

KITENZI KISICHO NA "MIMI"

Hapo ndipo babu alipofika mahali palipomfurahisha. Akasema neno libido limetoka kwenye kitenzi libet. Zamani zaidi walitamka lubet, na wataalamu wa lugha wanalihesabu kuwa ndugu wa mbali wa neno la Kiingereza "love" na la Kijerumani "Liebe", yote yakiwa yametoka kwenye shina moja la kale.

Sasa, libet ni kitenzi cha ajabu. Kwa Kilatini ukitaka kusema "naimba" unakuwa na kitenzi cha nafsi ya kwanza, kama kwetu. Lakini libet hukinyambui hivyo. Husemi "mimi nali-libet". Unasema libet mihi. Yaani "inanipendeza", au "imenijia". Kitu chenyewe ndicho kinachotenda, na wewe unakaa pembeni kama mtu anayepokea mgeni. Inakupendeza wewe: libet tibi. Inatupendeza sisi: libet nobis.

"Na sisi je?" nikamuuliza.

"Sisi vilevile," akasema. "Sikiliza watu wanavyoongea."

Ni kweli! Tunasema hamu imenijia. Hamu imenishika. Hamu imeniisha. Njaa inaniuma, usingizi umenichukua. Hata mke akiulizwa usiku, jibu lake ni "leo sijisikii", hasemi "leo nimeamua kutosikia". Ingawa tuna neno "natamani", ambalo linamweka mtu mbele kana kwamba yeye ndiye mwenye usukani, maneno yetu mengi yanakiri kwamba hamu inakuja yenyewe na inaondoka yenyewe. Hata neno "hamu" lilitoka kwenye Kiarabu, na kule maana yake ni jambo linaloushughulisha moyo, hata wasiwasi. Kitu kinachokukalia, wewe hukukikaribisha.

Halafu babu akaniuliza swali la mtego. "Sasa nipe amri ya kitenzi hicho. Imba, amri yake ni imba. Njoo, amri yake ni njoo. Libet amri yake ni nini?"

Nikatafuta, sikupata.

"Hakipo. Warumi walitawala nusu ya dunia, wakaamuru watu kulipa kodi, kujenga barabara na kwenda vitani. Lakini kwenye kitenzi hiki hawakuwa na umbo la amri. Unaweza kuomba tu, useme na ikupendeze. Kuamuru huwezi."

Mpenzi msomaji, nilinyamaza kidogo. Nilimfikiria shemeji yangu pale sebuleni na orodha yake: posa, mahari, kanisa.

KURUHUSIWA NA KUPENDEZWA

Babu akasema libet ana jirani yake, kitenzi kinachofanana naye kwa sura na kwa tabia: licet. Huyu maana yake ni "inaruhusiwa". Licet mihi, nimeruhusiwa, ni halali kwangu. Ndiko yalikotokea maneno ya Kiingereza ya leseni. Warumi walipenda sana kuyaweka pamoja, kile kinachoruhusiwa na kile kinachopendeza, kwa sababu walijua si kitu kimoja.

Sasa tazama. Ndoa inatoa kipi kati ya hivyo viwili?

Cheti cha ndoa, iwe ya kanisani, msikitini au bomani, kinatoa licet. Watu wote wanajua mmeruhusiwa kulala chumba kimoja, hakuna atakayewauliza. Mahari ni licet. Pete ni licet. Lakini hakuna sherehe duniani inayotoa libet. Shehe hawezi, padri hawezi, mkuu wa wilaya hawezi. Hiyo inabidi ije yenyewe, usiku huu, na kesho ije tena.

Wanandoa wengi wanaoniandikia ugomvi wao uko hapa. Mmoja anadai kwa lugha ya leseni: "Mimi ni mumeo", "Mimi ni mkeo", "Una wajibu". Mwenzake anajibu kwa lugha ya moyo: "Sijisikii". Wanabishana usiku kucha na hawajui kwamba wanaongelea vitenzi viwili tofauti! Na niseme wazi, kama kuna anayedhani leseni inampa ruhusa ya kumlazimisha mwenzake, huyo ameacha kuwa mpenzi, amekuwa mkusanya ushuru. Mwili unaoguswa kwa lazima unajifunza kuogopa mkono huo, na hofu ikishaingia chumbani hamu haikai humo.

Anayejua hili zamani sana ni Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu alilichambua neno libido kwa kirefu. Yeye alilitazama kwa jicho kali la dini, na si lazima ukubaliane naye kwa kila kitu. Lakini aliona jambo ambalo kila mtu mzima analifahamu: hamu ina tabia ya kuja usipoihitaji, na ukiihitaji kweli inakukimbia. Akashangaa kwamba wapo watu wanaoweza kuchezesha masikio yao wakitaka, lakini hakuna anayeweza kuiagiza hamu ikaja.

HAMU YA NANI?

Nilipomwonyesha babu ile meseji (nilikuwa nimeinakili, Mungu anisamehe) aliisoma mara mbili. "Nimekosa hamu ya mke wangu." Akanitazama juu ya miwani.

"Huyu kijana amesema nini?"

"Kwamba hamtamani tena mkewe."

"Una hakika?"

Akanieleza kwamba kwenye Kilatini, nomino kama libido hufuatwa na nomino nyingine inayoonyesha umilikaji, kama "ya" yetu. Na wanafunzi wa seminari walikuwa wanapigwa fimbo kwa sababu ya hiyo "ya", maana ina njia mbili. Ukisema upendo wa baba, je, ni baba anayempenda mtoto, au mtoto anayempenda baba? Sarufi inakubali yote mawili. Kiswahili nacho hivyo hivyo: "mapenzi ya mama" yanaweza kutoka kwa mama au kwenda kwa mama. Inabidi uangalie sentensi nzima, au umuulize aliyesema.

Basi soma tena. "Nimekosa hamu ya mke wangu." Inaweza kuwa: mimi simtamani tena mke wangu. Lakini inaweza pia kuwa: hamu aliyokuwa nayo mke wangu, ile ya kunitaka mimi, nimeikosa. Siipati tena.

Nilisimama pale pale nje nikampigia shemeji. Nikamuuliza moja kwa moja, ulipomwandikia kaka yako ulikuwa unamaanisha nini? Kimya. Halafu sauti ikabadilika, ile sauti ya mwanamume anayejitahidi isimkatike.

"Shemeji, namaanisha hanitaki. Zamani nikirudi kazini alikuwa ananitazama. Sasa hivi hata hanitazami. Hilo tendo lenyewe ningeweza kusubiri. Ila naona kama nimekuwa fanicha."

Unaona, mpenzi msomaji? Mke alikuwa anapanga nguo kwa sababu anaamini hatamaniwi. Mume alikuwa analala sebuleni kwa sababu anaamini hatamaniwi. Wote wawili kilio kimoja! Na kila mmoja alikuwa akimwona mwenzake kuwa ndiye aliyeufunga mlango.

NENO LILIFIKAJE KLINIKI?

Kwa kifupi tu. Madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 walipenda kuandika mambo ya chumbani kwa Kilatini ili yasisomwe na kila mtu. Wakalichukua libido. Sigmund Freud wa Vienna akaliweka katikati ya mafundisho yake, hasa kwenye insha zake za mwaka 1905, akimaanisha nguvu ya hamu ya kimapenzi inayomsukuma binadamu. Mwanafunzi wake wa Uswisi, Carl Jung, akasema hapana, libido ni nguvu ya maisha kwa ujumla, si ya mapenzi peke yake. Ilikuwa moja ya sababu zilizowafarakanisha kufikia 1913. Kwa maana fulani Jung alikuwa amelirudisha neno karibu na Warumi.

Kisha wakaja watafiti wa Marekani, William Masters na Virginia Johnson. Mwaka 1966 walieleza hatua nne za mwili katika tendo la ndoa, wakaanzia kwenye msisimko. Hamu hawakuihesabu kabisa. Ilibidi daktari mwanamama, Helen Singer Kaplan, aseme miaka ya 1970 kwamba kuna kitu kabla ya msisimko, nacho ni hamu, na watu wengi shida yao iko hapo.

Mwaka 2000 daktari mwingine mwanamama, Rosemary Basson wa Kanada, akaongeza jambo ambalo ningependa kila mwanandoa alijue. Alisema kwa wanawake wengi, hasa walio kwenye uhusiano wa muda mrefu, hamu si lazima itangulie. Mtu anaweza kuanza akiwa katikati, hataki wala hakatai. Akipata ukaribu, maongezi, mguso anaoufurahia, na akili ikatulia, ndipo hamu inapoamka. Na wanaume wapo walio hivyo pia. Kwa hiyo mtu ambaye hamu yake haimvamii akiwa jikoni anakaanga samaki si mgonjwa. Yeye hamu yake inajibu, haianzi. Lakini kujibu kunahitaji kuulizwa vizuri. Si kusukumwa.

Na ule mshale wa kuelekea chini? Sababu zake ni nyingi na nyingi ni za mwili. Mama anayenyonyesha homoni zake hubadilika, hamu ikapungua, uke ukawa mkavu. Uchovu, usingizi wa kukatikakatika, msongo wa mawazo, sonona, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, baadhi ya dawa za sonona na za shinikizo la damu, vyote vinaweza kuishusha hamu. Kwa mwanamume, upungufu wa homoni ya testosterone nao unaweza. Rafiki yangu ana mtoto wa miezi minane anayenyonya usiku, anaamka saa kumi na moja, na foleni inamrudisha nyumbani saa mbili usiku. Mungu wangu, hata mimi ningewekewa mshale!

TUFANYE NINI BASI?

Babu hakuniachia hewani, na mimi sitakuachia.

1. Uliza kabla ya kutafsiri. Ukikuta meseji, kadi au neno usilolielewa, usiwe hakimu kwanza. Ile "ya" ina njia mbili. Sema: "Nimeona hiki, kimeniumiza, unamaanisha nini?"

2. Acha kudai kwa lugha ya leseni. Maneno "wajibu", "haki yangu" na "nilikulipia mahari" hayajawahi kumwamsha mtu hamu. Jaribu "nimekukumbuka". Utaona tofauti.

3. Kama huwezi kuiamuru, iandalie. Mgeni hulazimishwi aje, lakini unaweza kufagia uwanja. Mume, mchukue mtoto jioni, mke aoge bila kuharakishwa. Mke, mtazame mwenzako anapoingia mlangoni, hata kama mikono ina unga. Simu zikae sebuleni. Hayo ndiyo maandalizi, mafuta ya mnukio ni ziada.

4. Weka kitu mbele. Cicero, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kirumi, mwaka 45 kabla ya Kristo aligawa misukosuko ya moyo katika makundi manne. Hofu ni ya baya lijalo, huzuni ni ya baya lililopo, furaha ni ya jema lililopo, na libido ni ya jema linalokuja. Yaani hamu inakaa kwenye kesho! Sasa nyumba ambayo kesho yake ni ada, kodi na umeme tu, hamu ikae wapi? Pangeni kitu, hata kama ni kwenda kula chipsi kuku Jumamosi, wawili tu, na mkiseme tangu Jumatatu.

5. Mguso usiwe na deni. Kama kila ukimkumbatia ni lazima iishie kitandani, ataanza kukwepa hata kukumbatiwa. Mshike mkono siku ambayo huhitaji kitu.

6. Nendeni kwa daktari pamoja. Kaka zangu, vidonge vya nguvu kama Viagra, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, vinasaidia mtiririko wa damu. Havileti hamu. Na kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti vinaweza kumwua. Usinunue kwa kificho mtaani. Hamu ikiondoka kwa muda mrefu na inakusumbua, muone mtaalamu, mweleze na dawa zote unazotumia.

MWISHO WA MKASA

Ungependa niseme kwamba walirudiana usiku ule ule kwa maua na mishumaa. Hapana. Nilichofanya ni kuwakutanisha kwangu Jumapili, nikawapikia pilau, nikamwambia kila mmoja arudie mbele ya mwenzake yale aliyoniambia mimi. Shemeji aliposema "hunitazami", mkewe aliweka kijiko chini. Akasema, "Nilidhani wewe ndiye hutaki kunitazama na hili tumbo." Nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki wote wawili. Daktari akawaambia mwili wa mama unahitaji muda na usingizi, akawapa ushauri na mafuta ya kulainisha. Shemeji amerudi chumbani. Si kila usiku kuna jambo, ameniambia mwenyewe. Lakini zamu ya mtoto ya saa tisa usiku sasa ni yake, na asubuhi mkewe anamtazama. Nguo zimerudi kabatini.

Nilipompelekea babu habari hiyo, akanipa zawadi ya mwisho ya Kilatini. Akasema Mrumi aliyekuwa ameweka nadhiri kwa mungu wake, akiitimiza alisimamisha jiwe na kuchonga herufi nne: V S L M. Mawe hayo yamepatikana sehemu nyingi zilizokuwa chini ya Warumi. Maana yake ni kwamba ametimiza nadhiri, kwa hiari na furaha, kama ilivyostahili. Ile L ni libens, mtoto wa libet yule yule. Kutimiza tu hakukutosha, mtu alitaka ijulikane ametimiza kwa kupenda.

"Na wewe babu," nikamtania, "miaka yote hii na bibi, ile L bado ipo?"

Akatazama jikoni, bibi alikuwa anachuja chai. Akasema taratibu ili asisikike, "Kuna miaka ilipotea. Tukaitafuta."

Mpenzi msomaji, usiku wa leo kabla hujazima taa, muulize mwenzako swali moja tu: nini kinakupendeza siku hizi? Usidai kitu. Sikiliza jibu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mapenzi mema!